Pikora Mpya Imetoka!

Jumatatu, 3 Machi
Mke kanipa hadi Jumamosi. Ama mashine zangu ziondoke sebuleni, ama yeye aende kwa dada yake. Mashine zenyewe ni Pikora kumi na tisa! Mashine za gemu zilizotikisa dunia! Nikamsomea historia kwa utulivu. Ya kwanza ilikuwa na mchezo mmoja, wa mbuzi kupanda ngazi. Ya pili ilijaa kila nyumba. Ya tatu ilipata moto hadi mama yangu akawa anakaushia soksi juu yake. Kisha kampuni ikapumzika kidogo. Mke akauliza kidogo ni miaka mingapi. Ishirini na sita. Akaenda kuosha vyombo kwa kishindo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga simu kampuni. Dada wa mapokezi kasema Pikora mpya imetoka mwezi huu! Akaendelea kueleza kwamba jina limeshauzwa mara tatu, sijui kwa nani. Sikumsikiliza. Nimeagiza moja, itafika Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemtambia shemeji, kaka yake mke, mwenye duka la gemu za kisasa. Huniita Makumbusho. Nikamwambia Ijumaa aje aone biashara yake ikifa. Kasema atakuja na wateja wake. Safi sana!

Ijumaa, 7 Machi
Watu kumi na wanne, wote wima, viti vimejaa mashine. Nikahutubia. Nikafungua boksi. Feni! Feni ya mezani, imeandikwa Pikora kwa herufi zilezile. Nikajikaza kisabuni. Nikatangaza kuwa vitufe vitatu ni viwango vitatu vya ugumu, nikaanza kutafuta pa kuchomeka waya wa televisheni. Shemeji kacheka hadi kakaa sakafuni. Mke hakucheka. Hilo limeniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Kaondoka. Feni kabeba. Nimelia, sifichi. Ila kati ya vitu vyote vya nyumba hii, kachagua Pikora!

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaleta ujumbe: mke atarudi siku atakapopata pa kukaa sebuleni. Basi? Si angesema mapema! Nimeshinda nikifanya kazi hapa sebuleni. Pikora kumi na tisa, nimezipanga, nimezifunga kamba, nikaweka mto juu. Kiti hicho! Kinatosha mtu mmoja tu, na mimi nataka akirudi tukae wawili. Bahati nzuri, fundi redio wa mtaani anazitupa jalalani Pikora zake ishirini. Kesho nazifuata.