Kitufe cha Kusafisha

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu, yule aliyenifundisha herufi kichwa kikiwa kimeshajaa mvi, anatafuta kazi. Ameambiwa Ijumaa apeleke kompyuta yake, ndani yake iwemo lugha ya kuiamuru mashine, tena aiunde mwenyewe kuanzia mwanzo. Ikimshinda, kazi anapewa mwingine. Hapewi mtu! Mimi nipo.

Kompyuta inakoroma kutwa ikiiunda lugha hiyo. Akienda kibaruani, mlinzi ni mimi. Kanionyesha kitufe: mashine ikigoma, anakibonya, mabaki yote yanafutika, anaanza upya. Kumbe hata mashine inataka ufagio! Alipotoka tu, nikakibonya.

Jumanne, 5 Machi
Imegoma. Maandishi mekundu kama macho ya mlevi. Ati kuna kipande hakionekani. Mwizi namjua: fundi cherehani wa chumba cha pili. Cherehani yake inanyonya umeme wetu. Nikamwendea, nikamwamuru aizime. Akaniuliza kama nimeamka vibaya. Nikamjibu kwamba nguo zake zinabana watu makwapani. Kanuna. Vizuri!

Mjukuu kaiwasha upya, akaondoka. Nikabonya kitufe tena. Nyumba haijengwi juu ya taka.

Jumatano, 6 Machi
Imegoma tena. Mjukuu kaipunguzia mzigo, kapakua kila kitu upya. Hali chakula. Nimemlisha kwa nguvu kama kinda.

Alipotoka, nikazunguka nyuma, nikachomoa waya wa fundi. Kelele alizopiga! Umeme wote wetu sasa. Kitufe nimekibonya asubuhi, mchana na jioni, kama dawa.

Alhamisi, 7 Machi
Leo mjukuu kabaki nyumbani, macho kwenye kioo cha kompyuta. Alipoinama kuokota kalamu, nikabonya. Akaniona!

Kashika kichwa. Akaniuliza, bibi, kumbe ni wewe? Ati yale si mabaki. Ni vipande vilivyokwisha kutengenezwa, vinangoja kuunganishwa, kama fundi anavyokata kitambaa kabla ya kushona. Nikivifuta, mashine inavitafuta haivioni. Fundi wa watu hana kosa.

Nimelia. Kanikumbatia, kasema yamekwisha. Kisha kanitoa nje, akafunga mlango kwa ufunguo. Mimi! Nimekaa kibarazani kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Jioni nikasikia anapiga kelele: imekubali!

Ijumaa, 8 Machi
Kazi kapata! Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Akaniambia sasa nikamwombe fundi radhi, na safari hii nisiguse waya. Sawa. Muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Nimefika, fundi hayupo. Mlango wazi. Lo, chumba! Vipande vya kitambaa cheupe mezani, kitini, hadi dirishani, vimechorwachorwa chaki. Mwanamke mzima, na uchafu huu! Nikaona radhi ya mdomo haitoshi. Waya sikuugusa. Nimevizoa vyote, nimevichoma nyuma ya nyumba, hakikubaki hata kimoja. Chumba kinang'aa.

Sasa nimeketi mlangoni pake nangoja shukrani. Namwona kule anakuja na bibi harusi mtarajiwa. Wanacheka.