Hesabu na Mbakisa Yake

Jumatano, tarehe 12 Machi

Dada yangu Annette ameondoka asubuhi kwenda Yangambi kununua samaki wa moshi. Ameniachia nyumba, watoto wawili na neno moja zito. Jumatatu Madame Générose atampa Benie jaribio la hesabu. Akifaulu, anabaki mwaka wa pili. Akianguka, anarudishwa mwaka wa kwanza, benchi moja na Israël, mdogo wake, ambaye bado anaandika tatu ikiwa imegeukia ukuta. Benie amesema afadhali aende kuuza pondu, majani ya muhogo, sokoni. Ana miaka saba. Hakulia aliposema, na ndiyo maana iliniuma.

Annette alitaka kumpeleka kwa jirani, Papa Timothée, mwenye ubao uwanjani na kundi la watoto wanaoimba mbili mara mbili mpaka jua linachoka. Nikakataa. Kuimba, hata kasuku anaimba. Mimi nitafundisha kwa michezo, hapa hapa nyumbani, na mtoto hatajua kama anasoma. Annette akauliza mimi nilifika darasa la ngapi. Nikamkumbusha kwamba kule Barumbu nilimfundisha mamba kuhesabu hadi sita. Angefika saba, bahati mbaya mwalimu alihitaji mguu wake. Annette akabeba mzigo, akaenda zake. Watu wa familia hawajui kusikiliza.

Alhamisi, tarehe 13

Mchezo wa kwanza: kutoa. Vifaa vya kazi: mikate ya mafuta, ya moto, sahani moja. Nimepanga kumi mezani. Nikala mitatu. Imebaki mingapi? Saba, kasema Benie, sauti ndogo lakini bila vidole. Nikala miwili. Mitano. Israël akauliza kama naye anaweza kutoa kidogo. Nikamweleza kwamba mwaka wa kwanza ni kujumlisha tu, avumilie. Tukaendelea hadi sifuri, jambo gumu ambalo wakubwa wengi hawalielewi. Israël alilielewa vizuri sana. Alilia.

Benie akaniambia mimi mjomba wake, kwa heshima zote, bon, Tonton, kutoa nimeelewa, lakini mwenye kushiba iko mutu mumoja tu. Mtoto wa miaka saba, na macho namna ile. Mimi katika umri wake nilikuwa tayari nawatajia watafiti wa Yangambi majina ya miti yao, na bado sikuona mambo kwa haraka hivyo.

Lakini kujumlisha bado. Tano na nne zinamchanganya. Anatazama juu kama jibu limekaa kwenye mabati.

Ijumaa, tarehe 14

Nimepata. Duka.

Nimeokota vifuniko vya chupa nyuma ya baa, gunia zima karibu, nikavisugua na majivu. Meza ni beseni lililogeuzwa. Kikombe kimoja cha kupimia. Vifuniko vya kijani ni nyanya, vyekundu ni mawese, vile vilivyokunjika ni samaki wa jana. Benie ndiye mama muuzaji, akajifunga kitenge cha mama yake mpaka kwapani. Israël mnunuzi. Mimi mkurugenzi.

Na hapa akili yangu ilifanya kazi. Israël alipoomba nne na nne, Benie akampa nane, akakaa. Nikasimamisha biashara. Nikamwuliza, mama, na mbakisa iko wapi? Ni Kisangani gani hii, muuzaji anapima kikombe chake na haongezi ile moja ya juu ili mtu arudi kesho? Duka bila mbakisa ni msiba. Akacheka. Akaongeza kimoja: tisa. Tangu hapo ikawa kama nimewasha taa. Tano na nne, akatoa kumi. Tatu na tatu, saba. Haangalii tena mabati. Anapima, anaongeza, anasema jibu, anamwambia Israël asiguse bidhaa kwa mikono michafu.

Ng'ambo ya ua, watoto wa Timothée waliacha kuimba. Kwanza kichwa kimoja juu ya ukuta. Halafu vyote. Halafu wenyewe wakaruka, wakapanga foleni kwa Benie. Timothée alibaki na ubao wake na chaki yake. Nilimpungia mkono. Hakupunga.

Jumamosi, tarehe 15

Nimempeleka Benie soko la kweli, kwa Mama Josée wa Butembo, muuza nyanya, mwanamke asiyempa mtu kitu hata salamu bila kuifikiria. Nyanya nne nne kwa fungu. Benie akachukua mafungu matatu. Mama Josée akaanza kutia kapuni. Benie akasema, bila kuhesabu, mama, zote iko kumi na tatu. Mama Josée akasema mafungu matatu ni kumi na mbili, mutoto. Benie akajibu kumi na mbili ni za kununua, ya kumi na tatu ni ya kunirudisha kesho. Wauzaji wote wa mstari ule waliacha kazi. Mama Josée akatia ya kumi na tatu, kubwa, akamwita mama mukubwa. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye mbeba kapu wake.

Nimerudi nyumbani nikiwa mrefu. Timothée alikuwa ukutani ananisubiri. Akamwuliza Benie, kwa ile sauti ya mwalimu, nne na nne. Tisa, Papa, kasema Benie, na tabasamu. Timothée akashika kichwa. Akasema Maurice, unaharibu mutoto wa watu, Jumatatu iko karibu. Nikamjibu soko limekwisha kumpa cheti, yeye nani? Akaondoka anaongea peke yake. Wivu ni ugonjwa.

Jumapili, tarehe 16

Misa. Baadaye katekista akawauliza watoto, mitume walikuwa wangapi. Benie akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Kumi na tatu. Katekista akasema hapana, kumi na wawili. Benie akasema ndiyo, na Paulo ni mbakisa. Katekista akasema atamwuliza padri.

Sijawahi kuona kichwa kama hiki katika ukoo wetu, ukiondoa changu.

Jioni Benie alikuja kukaa karibu nami. Akaniuliza, Tonton, nikianguka, Israël atanicheka? Nikamwambia hutaanguka. Nilisema kwa nguvu. Ndani yangu niliomba kidogo.

Jumatatu, tarehe 17

Nimeitwa shuleni. Siyo vizuri mtu kuitwa shuleni kabla ya saa sita.

Karatasi ilikuwa mezani kwa Madame Générose, nyekundu kutoka juu hadi chini. Kila hesabu. Nane ikawa tisa, kumi na tano ikawa kumi na sita. Hata za kutoa. Madame akasema amefundisha tangu ujana wake, hajaona mtoto anayekosea kwa uaminifu hivi. Kwa dirisha la pili nikamwona Israël darasani kwake. Alikuwa anasogea kwenye benchi, polepole, kuacha nafasi.

Nikajitetea. Nikasema Madame, mtoto ametoa jibu lote mnalomdai, na juu yake ameongeza la kwake, kwa moyo. Shule gani inakataa zawadi? Madame akaniomba nikae. Akamwita Benie. Akamwuliza, si kwa ukali, hii moja ya juu inatoka wapi. Benie akaeleza duka, beseni, kikombe, mbakisa. Alieleza vizuri hata mimi nilitamani kununua. Halafu akakunja uso, akatazama ubao, madawati, zile karatasi zilizofungwa kwa kamba kabatini. Akauliza: alors, Madame, hapa munauza kwa jumla? Kwa sababu Mama Josée akiuza gunia zima, haongezi kitu.

Nikaona kona ya mdomo wa Madame Générose inahangaika. Akasema ndiyo, mwanangu. Hapa tunauza kwa jumla.

Benie akavuta karatasi. Hakuomba kalamu. Akasoma kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kila moja bila mbakisa yake, haraka kuliko Madame alivyoweza kufuata na kidole. Hakuna hata moja aliyokosea. Madame akampa nyingine, mpya, ngumu, za mwaka wa tatu. Akajibu, akageuka kuniangalia kama mtu anayesubiri kapu lake.

Anabaki mwaka wa pili. Benie alitoka hadi dirishani kwa Israël, akamfanyia ishara arudi katikati ya benchi, ajitawanye. Nilikuwa na vumbi jichoni. Kisangani ina vumbi sana.

Jumanne, tarehe 18

Timothée amekuja na wazazi wawili. Wanasema watoto wote wa uwanja wake wanajibu tisa kwa nne na nne, na hawataki kuacha. Nikawashauri wamchukue Benie awaeleze habari ya jumla na rejareja. Alienda. Alikaa kwenye kiti cha Timothée. Timothée alishika chaki, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya wote kwamba yule mtoto atafika mbali. Mtu mzuri, Timothée, akiwa amekaa kimya.

Jumatano, tarehe 19

Annette amerudi. Madame Générose amemwambia yote, na Annette amenikumbatia, kisha amenikataza kugusa masomo ya Israël. Ameongea kwa furaha, kwa hiyo sikuchukua kama katazo.

Na Israël hajui saa. Nilikwisha kuanza jana mchana, kabla mama yake hajarudi, kimya kimya, tukiwa kwenye kivuko. Nimemfundisha kwa boti, kwa maisha yenyewe. Saa mbili, saa ya kuingia shule, ni nini, Israël? Ni pale boti linajaa watu. Kabla ya hapo, hata saa ipige, siyo saa mbili. Ameelewa upesi, ana damu yangu.

Leo Benie amekwenda shule mapema. Nimetoka nje jua likiwa juu, nimemkuta Israël ameketi kizingitini, viatu miguuni, mfuko mgongoni, ametulia kama abiria. Nikamwuliza mbona hajaenda. Akasema anangoja darasa lijae.

Nikakaa kando yake. Nikampa mkate.