Malalamiko Kuhusu Tangi Linalovuja la P.6

Namatala, Mbale
Julai 1988

Kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Kirunda,

Salaam nyingi, na pole kwa kufundisha chini ya mabati yenye matundu ya risasi. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu nilikiacha Jinja wakati wa vita, pamoja na mizigo mingine mikubwa.

Mimi ni Muzamiru, mjomba wa Hajara wa darasa la sita, P.6. Mama yake, dada yangu Mariat, anauza samaki kule Wanyange. Alinikabidhi mtoto kwa sababu nilimwambia nimesoma. Ni kweli: nilifika P.4, nikaondoka walimu walipoona hawana cha kuniongezea. Sasa Mwalimu Wamboga amesema alama za kazi ya nyumbani zisipopanda, Hajara atarudia darasa. Kwa heshima, nalalamika hivi:

1. Tangi la kwenye hesabu. Bomba linalijaza kwa saa tatu, tundu la chini linalimaliza kwa saa sita. Vyote vikiwa wazi, litajaa kwa saa ngapi? Nilimwambia Hajara aandike: "Zibeni tundu kwanza." Bwana, sisi maji tunayabeba kwa jerikeni. Mtu akiona maji yanamwagika halafu akakaa kupiga hesabu, majirani watamtafutia dawa. Jibu likakatwa kwa wino mwekundu.

2. Vita. Watoto waliambiwa wamuulize mzee wa nyumbani alifanya nini vitani. Nikamweleza Hajara jinsi bwawa la Jinja lilivyopata ufa mwaka wa sabini na tisa, nikauziba kwa godoro, nikalikalia na mto mzima mgongoni mpaka maafande walipofika kunipigia saluti. Mwalimu akaandika pembeni: "Godoro la nani?" Godoro lilikuwa langu. Lakini aliyasoma maelezo hayo mbele ya darasa, na sasa nikipita kwenye mashine ya kusaga, hata Namono wa chapati ananiita Afande Godoro.

3. Kila siku. Vita vyote nilivyopigana vilikuwa na mapumziko. Kazi ya nyumbani haina. Zamani baada ya magharibi nilikaa kwenye kahawa nikiwaeleza wazee mambo ya dunia. Sasa nipo mkekani na tangi. Na Hajara amewatangazia watoto wa jirani, Gaster na Joash, kwamba mjomba wake anajua, nao wanakuja. Wamefeli wote.

4. Hili ndilo kubwa. Juzi Hajara alirudi, akakaa mlangoni bila kuvua yunifomu, akaniambia, "Mjomba, usimwambie mama. Nitarudia tu, si kitu." Hakutaja tundu wala godoro.

Kwa hiyo naomba kazi ya nyumbani ifutwe Mbale nzima, na Jinja pia mpaka Budondo, maana tangi lile likiachwa litafika huko. Ikishindikana, basi haki ifuatwe. Majibu yalikuwa yangu. Mtoto aliandika kwa adabu alichoambiwa na mkubwa wake. Kama lazima mtu arudie P.6, nirudie mimi. Kalamu ninayo. Nitakaa nyuma nisiwazibie watoto ubao.

Nisalimie walimu wote, mama wa nyumbani kwako, na yule askari wa geti aliyenizuia Jumatatu. Mwambie sina kinyongo.

Ni mimi, mzazi wako mwenye subira,
Muzamiru, Afande mstaafu

Tanbihi: Hajara ameisoma barua hii ili kunirekebishia herufi kubwa. Anasema jibu la tangi ni saa sita, na alilijua tangu siku ile, ila hakutaka kunipinga. Nimebisha. Akanichorea hesabu kwa kijiti uani, nikairudia mwenyewe, ikaja saa sita. Tafadhali kazi ya nyumbani isifutwe. Kesho kuna treni mbili, moja inatoka Jinja na nyingine Mbale, na hatujajua zitakutana wapi. Hajara ataandika jibu lake. Langu nitalileta mwenyewe, mwalimu alisahihishe pembeni.