Hotuba za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kwa majonzi makubwa naujulisha umma kwamba kikombe changu cha ofisini kimeng'oka mkono. Umma ni mimi na feni. Kisha kuna habari ndogo: Mkurugenzi wa redio yetu ameniagiza mimi, mtunza kumbukumbu, nifute vichekesho vyote vya marehemu Kibogoyo kwenye hifadhi yetu ya mtandaoni. Mwisho Ijumaa. Eti vinadhalilisha uongozi. Kanda zenyewe zilishaliwa na ukungu. Nakala nyingine hakuna. Na Kibogoyo ni baba mkwe wangu! Mke wangu kasema nikifuta sauti ya baba yake, nijifute na mimi.

Jumanne, 4 Machi
Akili imefunguka! Sikufuta. Nimebadilisha majina tu. Kila kichekesho sasa kinaitwa "Hotuba ya Mkurugenzi". Nani atafungua hotuba ya Mkurugenzi kwa hiari yake? Hata mkewe hathubutu. Mwenzangu Miwani, anayekimezea mate kiti changu, kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema jino linaniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Watu wamezigundua. "Hotuba" zinasikilizwa kuliko mpira. Miwani kapeleka habari juu mbio mbio. Nikajua nimekwisha. Kumbe Mkurugenzi kasikia idadi ya wasikilizaji tu, kafurahi hadi kalegeza tai: kesho wafanyakazi wote ukumbini, zipigwe kwa spika kubwa!

Ijumaa, 7 Machi
Sauti ya baba mkwe, akimwiga Mkurugenzi, ikajaa ukumbi: ndugu zangu, choo kimeziba, nimeunda kamati, sasa kamati nayo imeziba. Mhasibu aliuma leso. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akasema siku ile yeye kwa kweli alikuwa moto. Miwani akanyoosha mkono: samahani Mzee, huyo si wewe, ni Kibogoyo. Mkurugenzi akamuuliza kama anaijua sauti yake kumshinda mwenyewe. Kisha akatoa amri: hotuba hizi zisifutwe kamwe!

Jumamosi, 8 Machi
Nyumbani nimetamba kwamba nilipanga yote tangu mwanzo. Ukweli ni huu: Miwani aliponyoosha mkono, mimi nilikuwa nyuma ya spika, viatu mkononi, nautambalia mlango. Baba mkwe amejiokoa mwenyewe kwa kujua kuiga.
Lakini sauti ile hata mimi naiweza! Leo nimejirekodi hotuba mpya kabisa ya Mkurugenzi. Mke wangu kasema nafanana na mbuzi mwenye mafua. Wivu tu. Jumatatu naipandisha mtandaoni.