Idara Tatu, Koo Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimepanda cheo! Meneja wa Huduma kwa Wateja. Raha ya kampuni ya watu watatu: vyeo havina foleni. Karaha yake: nilipouliza walio chini yangu wako wapi, Bosi akanionyesha ndoo ya kudekia. Dada anayetuandikia programu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kijicho tu.

Cheo ni cha majaribio. Mama Famasi, mteja wetu mkubwa, akiongeza mkataba, kinakuwa changu moja kwa moja. Mama mkwe nimeshamwambia ni changu. Nikikikosa, uso nitauweka wapi?

Jumanne, 4 Machi
Mama Famasi kapiga simu, moto! Programu yetu inamwonyesha dawa zilizokwisha kana kwamba zimejaa rafuni. Anamtaka fundi, hataki meneja. Nikamwambia namuunganisha. Nikapiga mluzi kidogo, ndio muziki wa kusubiri, nikakohoa, nikarudi na sauti nzito ya Fundi Mkuu. Dada ananiandikia majibu, mimi nasoma. Tatizo kwisha!

Jumatano, 5 Machi
Mama Famasi kasema Fundi Mkuu ni mpole, ana hekima, hana makuu. Meneja hata hakumtaja. Iliniuma. Nikampigia kama Meneja, nikamweleza kuwa yule mzee bila mimi hajui hata kuwasha kompyuta. Akakata simu. Nadhani imemwingia.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mama Famasi anaongeza mkataba kwa sharti moja: yule meneja mwenye majivuno, anayemnyanyasa mzee wa watu, afukuzwe. Bosi akajibu ameshafukuzwa. Hakusita hata kidogo! Nikamkumbusha meneja ni mimi. Akasema anajua, na nimpe pole Fundi Mkuu, sasa kudeki kote ni kwake.

Ijumaa, 7 Machi
Mkataba umesainiwa. Dada kanionea huruma, kaniachia kiti chake cha kuzunguka kutwa nzima. Roho ikatulia. Lakini mama mkwe anakuja wiki ijayo kumwona Meneja!

Nikapata akili. Nikampigia Mama Famasi kwa sauti nyembamba ya Katibu Muhtasi, nikamsihi amsamehe Meneja, ana familia. Akalainika! Ameomba kitu kimoja tu: Jumatatu atafika ofisini, Meneja na Fundi Mkuu wapeane mikono mbele ya macho yake.

Nimekubali papo hapo. Katibu Muhtasi atawaandalia chai.