Mfuko Hauna Magoti

Jumatatu, 3 Machi
Winchi ya kupandishia mizigo imeletwa hapa kwenye jengo! Ina kiti cha mwendeshaji! Magoti yangu yamekiona kabla ya macho. Nyapara kasema atakikalia atakayejibu Ijumaa: mfuko mmoja wa saruji, kilo hamsini, unataka nishati kiasi gani kufika ghorofa ya nne? Hataki mtu wa kuua mashine kwa ujinga. Miwani, mbebaji mwenzangu, kaniambia, “Mzee wangu, wewe baki na ngazi, mmeshazoeana.” Mshenzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia binti yangu huko nyumbani, mwendo wa siku mbili kwa basi. Yuko kidato cha pili. Kasema: kilo mara kumi mara kimo. Nikamwambia hilo nalijua, nilikuwa nampima. Akasema haya, baba.

Jumatano, 5 Machi
Nimepima kimo. Ngazi zote, kidato kwa kidato, kwa uzi, nikiwa nimepiga magoti. Waliouliza niliwaambia natafuta kifungo. Mita ishirini na saba! Miwani kaning'iniza tu timazi, ile kamba yenye uzito nchani, kutoka juu, dakika moja, kamaliza. Mvivu! Alipokwenda kunawa nikakata kipande cha kamba yake. Si wivu, ni tahadhari.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani: jouli elfu sita. Mimi: elfu kumi na tatu na mia tano. Nilidhani mwenye nyingi ndiye mshindi. Nyapara kasema kimo ni wima tu, ngazi hazihesabiwi. Nikamuuliza ni nani hapa aliyewahi kupanda wima. Akajibu kwamba mfuko hauna magoti. Wakacheka mpaka mafundi bomba. Miwani kapata kiti.
Kisha nyapara akaona kamba ya timazi yake imepungua. Kumbe ilikuwa yake! Nikasema mwisho ilionekana kwa Miwani. Miwani akanionyesha mfuko wa suruali yangu: kipande kinaning'inia. Adhabu: wiki nzima nabeba matofali, kwa ngazi.

Jumapili, 9 Machi
Binti kauliza kama nimepata kiti. Nimemwambia kitabu chao kimekosea, amwambie mwalimu wake. Kasema kitu kinachoshuka huirudisha nishati yote.
Yote! Mbona hakusema mapema? Kesho namwomba nyapara kazi ya kushusha tu. Nikishusha kutwa, jioni magoti yatakuwa mapya, na Miwani abaki na kiti chake. Limebaki jambo dogo: nitafikaje juu. Hilo nitalifikiria nikiwa ngazini.