Hiba ya Mdomo Tu

Jumamosi, 24 Aprili 1971

Serikali imetaifisha majumba ya kupangisha! Redio imetangaza tangu juzi, lakini yangu haina betri. Habari nimezipata kwa jirani yangu Bundala, muuza asali, ambaye hufurahi sana kunipa habari mbaya kabla sijanywa chai. Mwenye jumba kubwa akilipangisha, jumba linachukuliwa na umma. Nikamwambia basi nimekwisha. Akauliza nimekwisha kwa lipi. Nikamwonyesha nyumba yangu. Akaitazama, akanitazama mimi, akaomba radhi, akaenda kuchekea nyuma ya mizinga yake.

Acheke! Nyumba hii ya Chemchem aliijenga babu yangu, kirongozi wa misafara ya pembe, enzi njia ya Ujiji ilipopita hapa mbele. Ina mlango wa nakshi. Ina bati. Ina mpangaji, Mwalimu Dionis, vyumba viwili vya mbele. Kama hili si jumba, jumba ni lipi?

Jumapili, 25 Aprili

Mwalimu Dionis katoka misa, kanieleza sheria. Ardhi yote ni mali ya taifa. Hakuna mwenye ardhi, sote tuna haki ya kuitumia tu. Kilicho changu ni nyumba iliyosimama juu yake. Nimeshtuka mno. Kumbe miaka yote nafagia uwanja wa Jamhuri bure! Nimeacha kufagia papo hapo. Mke wangu Swaumu kasema sijawahi kufagia.

Dionis kaongeza kwamba wanachukua nyumba za thamani ya shilingi laki moja na kuendelea. “Hii yako, Mzee Shomari, sidhani kama inakaribia.” Maneno ya mpangaji haya! Anataka nibweteke, waje wanikute sijajiandaa.

Jumanne, 27 Aprili

Hila nimeipata! Mdogo wangu Mwanne ni mjane, anashona nguo, anapanga chumba kimoja Ipuli. Hakuna atakayemwita yeye bepari. Nitampa nyumba kwa hiba. Kwa mdomo tu! Upepo ukishapita, atanirudishia.

Swaumu kauliza kama theluthi ya nyumba si ya Mwanne tayari, tangu alipofariki baba. Nikamjibu kwamba tulikubaliana kugawana baadaye, na hiyo baadaye haijafika.

Mwanne kaja jioni. Kanipa shikamoo, kakaa, kanisikiliza huku akishona pindo. Nilipomaliza, kaniuliza:

“Kaka, unanipa kweli au unaigiza?”

Nikamwambia mbele ya watu nampa kweli, baina yetu naigiza.

“Haya. Mimi nitashika lile la mbele ya watu.”

Nimecheka hadi machozi. Mwanne tangu utoto ni mcheshi.

Ijumaa, 30 Aprili

Siku tukufu. Baada ya sala, Shekhe Yahaya na mashahidi wamekuja nyumbani. Nimetamka: Nyumba yangu nampa Mwanne. Mwanne katamka: Nimepokea. Nikadhani tumemaliza, nikaagiza kahawa.

Bado! Shekhe kasema hiba haikamiliki mpaka mali ikabidhiwe. Mtu hawezi kutoa nyumba kisha akaendelea kuikalia. Basi nimetoa kitanda. Nimetoa magodoro, sanduku, masufuria, na kuku wa Swaumu. Funguo nimeziweka mkononi mwa Mwanne. Bundala alikuwapo, kaleta na asali. Nililia kidogo ili mambo yanoge. Watu wamesema hawakujua kama nina moyo mkubwa kiasi hiki. Hata mimi nilikuwa sijui!

Tumelala kwa shangazi yake Swaumu. Swaumu hasemi na mimi.

Jumatatu, 3 Mei

Nimekwenda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali kuuliza kama nyumba ya Shomari wa Chemchem imo katika zile za kuchukuliwa. Karani kauliza kuta ni za nini. Udongo. Na sakafu? Udongo, nikasema, lakini umeshindiliwa vizuri. Kawaita wenzake wa chumba cha pili waje wasikie. Nikawatajia mlango wa nakshi. Mmoja kalazimika kukaa chini.

“Mzee, nenda ukalale nyumbani kwako,” karani kasema. “Hakuna anayeitaka.”

Hakuna anayeitaka! Nyumba ya kirongozi! Nimetoka na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na furaha. Nikaenda moja kwa moja kwa Mwanne. Nimemkuta anapima mapazia. Nikamwambia upepo umepita.

“Upepo gani, kaka?”

Nikamkumbusha yale ya baina yetu. Hakupandisha sauti. Kaweka utepe wake wa kupimia chini, kasema: “Nilikuuliza, kaka. Ukanijibu. Baba amekufa, mume wangu amekufa, nimehama vyumba vya watu na cherehani kichwani, na wewe kila nikija unaniambia baadaye. Sasa nimechoka kuhama. Karibu chai.”

Chai sikunywa. Yaani, nilikunywa, lakini bila raha.

Jumatano, 5 Mei

Kwa Shekhe Yahaya. Nikamwomba aifute hiba. Kasema anayeweza kurudi katika hiba ni mzazi kwa mwanawe. Nikasema Mwanne nimemlea. Kasema kulea si kuzaa. Nikauliza kama wanazuoni hawakuhitilafiana. Kasema wamehitilafiana katika mengi, ila hili la dada yangu nisihangaike.

Nikamwendea Mwalimu Dionis, nikamwagiza asimlipe Mwanne kodi hata senti. Kasema amekwisha lipa. Tena Mwanne kaziba bati linalovuja, jambo ambalo yeye Dionis aliniomba mimi tangu masika ya mwaka jana. Nikamwambia nilikuwa nalifikiria. Wapangaji hawana subira.

Ijumaa, 7 Mei

Mwanne katuma ujumbe. Tuchukue chumba cha uani, hatatudai kodi. Swaumu alikuwa amefunga mizigo kabla mjumbe hajamaliza salamu. Yeye na wifi yake wamekaa jikoni mchana kutwa wanacheka. Nikiingia wananyamaza.

Usiku mvua ya mwisho imenyesha. Nimelala nasikiliza matone juu ya bati, nikingoja lile tone moja linalodondoka kila mwaka pale baba alipokuwa akiweka kitanda chake. Halikudondoka. Sikujua nifurahi au ninune. Nimenuna.

Jumatatu, 10 Mei

Mambo mapya! Viwanja vinagawiwa Ipuli. Wanaanza na wasio na nyumba. Swaumu kasema kwa mara ya kwanza maishani nina sifa inayotakiwa, niende upesi nikaandikishe jina langu.

Wanawake! Jana tu nilikuwa bepari wa Chemchem, mji mzima unajua. Leo serikali ilione jina la Shomari kwenye kiwanja kipya? Wataniandama hadi kaburini. La, safari hii natumia akili. Kiwanja kitakuwa kwa jina la Mwalimu Dionis. Nitajenga mimi, kwa nguvu zangu, na baina yetu tutajua kwamba nyumba ni yangu.

Nimemweleza mpango wote barazani. Kauliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Kakubali. Tumekwenda pamoja, kaandika jina lake kwa mwandiko mzuri sana, jina la baba yake, na jina la babu yake. Msomi yule, lakini hila hana hata chembe.

Kesho naanza kufyatua matofali.